Pale Mathayo Aliponyamaza

Mikumi, 6 Julai 1969

Mpenzi Mama Magreti,

Nimefika salama. Treni ilisimama njiani karibu saa nzima kwa sababu ya twiga. Dereva alipiga honi, twiga akamtazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekuja kabla ofisi haijafunguliwa. Tulicheka mpaka tukachoka.

Kazi nimepata. Nawapikia Wafaransa watano waliokuja kupiga sinema ya wanyama humu mbugani. Mguu hauniumi kama nilipokuwa gengi la reli, kwa sababu kazi nyingi ya jikoni naifanya nimekaa. Wanakula viazi kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na mkate wanaupenda mgumu.

Mmoja wao si wa kamera. Ni mtunzi wa muziki wa sinema, anaitwa Bwana Etieni. Mrefu, mwembamba, anavaa soksi zisizofanana. Hakusomea muziki popote. Mama yake alikuwa mfagiaji wa jumba la sinema huko kwao, naye akakua amelala kwenye viti akisubiri mama amalize, na muziki akaujua kwa masikio tu. Sasa ameshatunga muziki wa sinema kumi na moja na hajui kuandika hata noti moja. Anapiga mluzi, au kodiani yake, kisha mtu mwingine ndiye anayeandika. Alituambia mwenyewe mezani, kwa Kiingereza chake na changu, ambavyo vyote viwili ni vibovu.

Jana alikuwa anapiga kodiani nje ya jiko. Nikachukua karatasi ya mfuko wa unga, nikamwandikia wimbo wake kwa solfa, do-re-mi, kama tulivyofundishwa na Mwalimu Donati kule Mamboya, halafu nikamwimbia kutoka kwenye karatasi. Akaiweka kodiani chini. Akaniuliza nimesoma chuo gani. Nikamwambia darasa la sita, na kwaya.

Tunalala kwenye nyumba ya wageni ya Bi Hildegarda, mjane wa kutoka Mahenge, mkali sana juu ya shuka zake.

Mwambie Magreti asome.

Wako,
Mathayo


Magomeni, Kilosa
20 Julai 1969

Baba Magreti,

Barua imefika kwa mkono wa Joha, yule anayeuza maandazi stesheni na kwenda huko Mikumi kila wiki. Nimefurahi kuhusu mguu.

Umeniandikia soksi za Mfaransa, umeniandikia twiga, umeniandikia shuka za huyo mama. Umri wake hukuandika. Joha anasema si mzee. Anasema ana meno mazuri. Nilimwambia Joha kwamba mtu kuwa na meno si kosa, lakini nimeona nikutajie.

Jioni, ile saa yako ya kurudi, bado nasikiliza upande wa daraja. Juzi mtu alipiga mluzi, nikainuka na mwiko mkononi. Kumbe mchunga mbuzi anamwita mbwa wake. Magreti alinicheka mpaka akapaliwa na uji.

Na wewe huko unampigia nani mluzi? Nimetania. Lakini ujibu.

Mkeo,
Ida


Mikumi, 2 Novemba 1969

Mama Magreti,

Umri wa Bi Hildegarda siujui. Mpangaji hamuulizi mwenye nyumba umri.

Kazi inaisha wiki ijayo. Daftari la nyimbo nililomwandikia Bwana Etieni limefika nyimbo ishirini na tatu, naye analishika kama mtu ameshika yai. Kifua kinanibana kidogo, ni vumbi la mbugani.

Kuna jambo nitakueleza nikifika. Si la kuandika. Nataka nione uso wako unapolisikia.

Mathayo


Magomeni, Kilosa
28 Agosti 1972

Bi Hildegarda,

Hunifahamu. Mimi ni Ida, mke wa marehemu Mathayo aliyekuwa mpishi wa Wafaransa na kulala kwako miaka mitatu iliyopita. Naandika marehemu kwa sababu sijui kama habari zilikufikia. Aliteremka treni hapa tarehe kumi na moja Novemba ameshikwa mkono na mwenzake, homa imempanda, kifua kinakoroma. Hakupiga mluzi darajani, hakuwa na pumzi. Siku ya nane akafariki. Alikuwa ameniandikia kwamba ana jambo la kunieleza. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili kikohozi kikaingia kati. Kioo chake cha kunyolea bado kipo ukutani kwa urefu wake, mimi nikitaka kujitazama napanda kigoda.

Sikuandikii kwa ajili ya kioo.

Jumamosi iliyopita, jua lilipozama, gari la sinema la serikali lilikuja kwenye kiwanja chetu. Kwanza walituonyesha pamba na jinsi ya kuua wadudu wake. Tukavumilia, maana sisi wa shamba la ujamaa tulikuwa tumetoka kwenye pamba hiyo hiyo. Kisha wakaonyesha sinema ya Wafaransa ya wanyama wa Mikumi. Tembo wakawa wanateremka bwawani, na filimbi ikaanza. Bi Hildegarda, ulikuwa mluzi wa mume wangu.

Nikueleze ili unielewe. Tulipokuwa kwaya ya Mamboya, mwalimu hakutaka wavulana na wasichana warudi pamoja baada ya mazoezi. Wavulana walipita njia ya chini, kando ya mto, wasichana njia ya juu. Mathayo alikuwa sauti ya tatu, mimi sauti ya kwanza. Siku moja alipiga mluzi wa kutunga mwenyewe kutoka njia ya chini, akaukatisha, ukabaki kama mtu aliyenyoosha mkono. Mimi nikamalizia kutoka juu, kwa sauti tu, bila maneno. Hatukufundishana. Tangu hapo ikawa hivyo. Tulipohamia Kilosa akaajiriwa reli, alikuwa akirudi kutoka kazini anapiga mluzi kwenye daraja la mto Mkondoa, nami najibu nikiwa jikoni, anajua kwamba nipo na chakula kipo. Miaka kumi na minne. Hata binti yetu hakuwahi kuujibu mluzi ule. Alijua si wake.

Kwenye sinema mluzi umejibiwa. Nimesikia kwa masikio yangu yote mawili, mwanzo mpaka mwisho. Basi yupo mtu aliyemjibu huko Mikumi, na Mfaransa akawasikia. Joha ananiambia kwamba wewe ukifua shuka unauimba wimbo huo.

Nakuuliza kwa upole: ulimjibu mume wangu? Na kama alikufundisha jibu langu, alikufundishia wapi, na mlikuwa mmekaa vipi?

Nisamehe kama nimekosea. Kama sikukosea, sijui niseme nini.

Ida


Mikumi, 9 Septemba 1972

Mama Magreti,

Pole kwa msiba. Najua ni wa zamani, lakini sikupata nafasi ya kukupa pole. Habari ya kifo chake aliniletea Joha. Nililia. Hilo nakuambia mwenyewe, usije ukaambiwa na Joha akaongeza chumvi.

Swali lako nililisoma nimesimama, kisha nikakaa. Unauliza tulikuwa tumekaa vipi. Tulikuwa tumekaa hivi: yeye jikoni anamenya viazi, mimi uani nafua shuka za madereva wa malori ya Zambia, watu wanaolala na viatu. Katikati yetu palikuwa na ukuta wa matofali na jogoo mmoja mwenye hasira.

Mluzi alipiga, kweli, kila jioni. Akifika mahali ananyamaza. Kila siku pale pale, kama mtu anayebisha hodi akasimama kungoja. Mwanzoni nilidhani amesahau. Nikamwambia, "We Mathayo, malizia basi, unaniacha mguu mmoja hewani!" Akasema, "Hiyo si yangu, mama." Akaendelea na viazi vyake.

Hakuna aliyemjibu. Mfaransa aliunasa mluzi kwenye mashine yake. Na kuimba naimba, ndiyo. TANU haijapiga marufuku mtu kuimba akifua. Lakini naimba mpaka pale anaponyamaza, kwa sababu zaidi ya hapo sijui.

Sinema hiyo mimi nimeiona mara mbili. Haina jibu. Filimbi inakoma, tembo wanaingia bwawani, unasikia maji tu. Basi huyo aliyemjibu mumeo kamtafute kwingine.

Hildegarda


Magomeni, Kilosa
24 Septemba 1972

Bi Hildegarda,

Asante kwa pole yako. Nimeipokea.

Lakini umeandika "kila jioni". Hilo nilikuwa silijui. Mimi huku nainuka na mwiko kwa ajili ya mbwa wa mchunga mbuzi, na wewe huko unamsikia kila jioni, bure, ukuta mmoja kati yenu, na unamwambia "malizia" kama mtu anayemwambia wa kwake apitishe chumvi. Miezi minne. Nimehesabu siku kwa vidole nikaacha.

Na unasema sinema haina jibu. Mama, mimi sikwenda na masikio ya kuazima. Nimewauliza watatu niliokaa nao. Mmoja anasema alikuwa anatazama tembo. Wa pili alikuwa anatafuta mtoto wake. Wa tatu anasema, "Ida, mbona unauliza habari za filimbi na mnyama mkubwa vile yupo mbele yako?" Kwa hiyo shahidi sina. Lakini nilisikia. Lilipanda mahali ninapopandisha mimi, likashuka mahali ninaposhusha mimi. Mtu hawezi kubahatisha hivyo.

Maishani mwangu nimemchukia mtu mmoja tu, msichana aliyeitwa Odilia, wa sauti ya kwanza, aliyekuwa akijisogeza kwenye benchi kila Jumapili mpaka akawa karibu na sauti ya tatu. Sitaki uwe wa pili.

Hilo jambo ambalo Mathayo hakutaka kuliandika, kama ni wewe, niambie. Nitaumia mara moja, niishe. Hivi ninavyoishi naumia kila nikiinjika sufuria.

Ida


Mikumi, 15 Oktoba 1972

Mama Magreti,

Sasa nimekasirika, na nikikasirika naandika vizuri zaidi.

Mimi ni mjane tangu mwaka wa Uhuru. Nyumba ya wageni barabarani siyo nyumba ya masista. Nimeshaitwa majina na wake za madereva kutoka Iringa mpaka Morogoro, wengine nisiowajua hata waume zao. Lakini hakuna aliyewahi kunishitaki kwa mluzi. Wewe ni wa kwanza.

Nakuletea barua. Ilifika hapa mwezi wa tatu, imeandikwa jina la mumeo. Ni ya Bwana Etieni, hakujua kwamba Mathayo amefariki. Ilikuwa kwa Kifaransa. Padri Urbanus alipopita kwenda Ifakara aliitafsiri, nikaiweka chini ya shuka safi. Ungeniuliza kwa nini sikuituma kwako zamani, nisingekuwa na jibu zuri. Isome, kisha uniambie kama bado mimi ni Odilia.

Hildegarda


(Barua ya Bwana Etieni, kwa mkono wa Padri Urbanus)

3 Februari 1972

Ndugu yangu Mathayo,

Sinema yetu ilionyeshwa hapa mwaka jana. Sasa nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Unakumbuka nilivyokueleza habari zangu. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikwenda kwenye shule ya muziki nimebeba kodiani ya mjomba wangu. Wazee watatu waliniwekea karatasi wakaniambia nisome. Sikujua. Mmoja akaniambia mlango nilioingilia ndio wa kutokea. Nikapiga muziki wa harusi, wa ngoma za Jumamosi, mpaka mtu wa sinema akanisikia. Tangu hapo nafanya kazi vile ulivyoniona: natazama picha, nashika saa, nahesabu sekunde ngapi tembo anatembea, nampigia mluzi tembo. Kisha nampigia mluzi bwana mmoja msomi ambaye huandika, na akiandika hutabasamu. Miaka ishirini ya tabasamu lile.

Wewe uliandika bila kutabasamu. Na nilikuonea wivu, Mathayo. Mpishi mwenye darasa la sita alikuwa na kitu nilichofukuziwa mlangoni. Nilikuonea wivu zaidi jioni, ulipopiga mluzi na kunyamaza, kwa sababu nilielewa kwamba unanyamaza kumpisha mtu. Mimi nikinyamaza hakuna anayeingia.

Ndiyo maana niliwasha mashine bila kukuambia. Uliponigundua ulikasirika hata viazi vikaungua. Siku ya pili ukaniambia, "Sehemu yangu chukua. Ile ya mwisho si yangu kukupa. Ina mwenyewe, nitamwomba nikifika nyumbani." Nikangoja barua yako. Haikuja. Siku ya kurekodi ikafika, sikuwa na cha kuweka pale. Nikawaambia wapigaji wanyamaze, tembo wakaingia majini bila muziki.

Watu wa magazeti wameusifu ukimya ule. Wameandika kwamba ni mtunzi shupavu tu anayeweza kunyamaza mahali kama pale. Naona aibu. Sikunyamaza kwa ushupavu. Nilikuwa sijui kinachofuata.

Je, ulimwomba? Alisemaje? Ninataka kuutumia wimbo huu tena, ukiwa mzima, na jina lako nitaliandika kwenye sinema.

Ndugu yako,
Etieni


Magomeni, Kilosa
20 Novemba 1972

Bi Hildegarda,

Barua ya Bwana Etieni niliisoma nikaikunja, nikaikunjua, mpaka sasa imekatika kwenye mikunjo. "Ina mwenyewe, nitamwomba nikifika nyumbani." Kumbe ndilo jambo lenyewe. Alifungua mdomo mara mbili ili aniombe ruhusa.

Hata hivyo sikukubali kuhusu jibu. Roho yangu ni ngumu, sikufichi. Nikasema Padri anaweza kukosea, Mfaransa anaweza kusahau, masikio yangu hayawezi. Nikangoja gari la sinema.

Limekuja Ijumaa. Safari hii pamba imepunguzwa, wameongeza mbolea. Nilikwenda mapema nikakaa mbele pamoja na watoto, karibu na kipaza sauti, na nilimwambia Magreti, aliyekuja likizo, akae kando yangu asinisemeshe. Tembo wakateremka. Filimbi ikaanza, ikapanda, ikafika pale. Na nikasikia jibu, wazi kabisa, kama mwanzo.

Magreti akanishika mkono. Akasema, "Mama, unaimba."

Nikafunga mdomo. Kweli nilikuwa naimba. Watoto wote wamegeuka, hawaangalii tembo, wananiangalia mimi. Na nilipofunga mdomo hapakuwa na kitu isipokuwa maji, kama ulivyosema. Maji na ile mashine ya gari inayonguruma.

Ndivyo ilivyokuwa hata mara ya kwanza. Mwanamke niliyemwonea wivu miezi mitatu, aliyenijibia mume wangu, ni mimi mwenyewe. Magreti alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Kisha nikacheka mimi. Mtu wa gari la sinema akatuambia wenye fujo wakae nyuma.

Nakuomba radhi. Nimekuandikia maneno ambayo nisingependa kuandikiwa. Habari ya meno yako pia ilikuwa uchokozi.

Ida


Mikumi, 4 Desemba 1972

Mama Magreti,

Nimekusamehe nikiwa katikati ya ukurasa wa kwanza. Niliposoma "pamba imepunguzwa, wameongeza mbolea" nilicheka mpaka dereva mmoja akatoka chumbani kuuliza kama chai iko tayari.

Lakini usiharakishe kuomba radhi. Na mimi nina la kusema, na nimelikalia kwa miaka mitatu.

Siku ile Wafaransa walipokuwa wanafunga mizigo, lile daftari la nyimbo lilibaki mchana mzima mezani kwangu. Nikalifungua. Solfa siijui, sisi wa kwetu tuliimba kwa kumfuata Sista. Lakini kusoma jina najua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ule mluzi. Chini ameandika "Sauti ya tatu" na herufi zake zimejaa. Juu yake ameandika "Sauti ya kwanza", amepiga mistari yake vizuri kwa rula, na ndani ya mistari hakuna kitu. Pembeni ameandika Ida.

Nikachukua wembe nikaukata. Sikutaka jina lako liende Ulaya.

Mumeo hakunigusa hata kidole. Hakunitazama vibaya siku moja. Alinisaidia kukamua shuka, akanitengenezea bawaba ya mlango, akaniita mama ingawa tunalingana. Nafikiri ndicho kilichoniuma. Kila jioni nilisimama uani na mikono yenye povu nikisikiliza mwanaume anamwita mwanamke aliye Kilosa, na jogoo ananiangalia. Siku moja nilijaribu kuingiza kitu pale anaponyamaza, kitu changu cha kubuni. Aliinuka akafunga dirisha la jiko, polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Ukurasa huu hapa. Ni wako. Umechakaa kidogo kwa kukaa chini ya shuka, ila herufi zinasomeka.

Ningeomba kitu kimoja, na ukikataa sitanuna. Kwa miezi minne nimemsikia anafika pale. Miaka mitatu nimekuwa nikifua nafika pale. Ni nini kinachofuata?

Hildegarda


Magomeni, Kilosa
2 Januari 1973

Bwana Etieni,

Padri Urbanus amekubali kukutafsiria barua hii. Mimi ni Ida, mke wa Mathayo. Mathayo alifariki siku chache baada ya kuachana nanyi. Kifua. Hakuweza kuniomba lile uliloliuliza, ndiyo maana hukupata barua.

Sinema yako nimeiona mara mbili. Tembo ni wazuri. Kwenye filimbi umekosea mahali pamoja: sauti ya nne kutoka mwanzo, wewe umeiweka "so", yeye alikuwa anapiga "la". Najua ulisikia kupitia ukutani. Mathayo angekwambia, kwa hiyo nakuambia mimi, na sitabasamu.

Jina lake andika. Mathayo, wa Mamboya. Na usione aibu kwa sababu ya wale wazee watatu. Wangemwekea Mathayo karatasi yao naye angetolewa kwa mlango ule ule.

Lile jibu sitakupa. Usikasirike. Umeacha pale wazi, na ninapoitazama sinema yako napata mahali pa kuingia. Ukijaza nitakaa wapi? Acha wapigaji wako wanyamaze.

Umesema ukinyamaza wewe hakuna anayeingia. Nimelifikiria sana neno hilo nikipalilia. Labda huwa unanyamaza kwa muda mfupi mno.

Ida


Magomeni, Kilosa
Siku hiyo hiyo

Dada Hildegarda,

Ukurasa umefika. Nimeubandika ukutani chini ya kile kioo, nauona bila kupanda kigoda. Mistari ya sauti ya kwanza ipo wazi vile vile. Nilichonga kalamu ya risasi niijaze, nikairudisha kalamu kwenye kikombe. Alivyoipiga kwa rula vile, mtu mwenye haraka kama yeye. Nyumbani alikuwa anakata mkate ukapinda.

Kwa habari ya wembe, nimekaa siku mbili nikijaribu kukukasirikia. Nilipika ugali wa hasira ukaungua. Lakini ungekwenda Ulaya ukurasa huo, mimi ningeuona wapi? Na kama ningekuwa mimi niliye uani na mikono ya povu, wembe ningeutafuta mapema kuliko wewe.

Unauliza ni nini kinachofuata. Mfaransa aliuliza nikakataa. Wewe sikukatalii, lakini siandiki. Kwenye karatasi litakuwa herufi tu.

Balozi wetu wa nyumba kumi anasema huenda mwaka huu au ujao tukapangiwa kuhamia kijiji kipya, kule mbele, ng'ambo ya mashamba ya katani. Watatupa viwanja vizuri, na jiko langu litakuwa mbali, daraja halitasikika. Kwa hiyo usikawie. Waachie madereva wako shuka chafu kwa siku mbili, hawatajua tofauti. Panda treni na Joha, uje.

Ukishuka stesheni usimwache Joha akulete mpaka mlangoni. Mwambie atangulie. Wewe pita darajani peke yako, jioni, jua likiwa bado juu ya miti, usimame katikati, upige mluzi. Najua watu watasema mwanamke mzima anapiga mluzi barabarani. Waseme. Kama midomo haishiki vizuri, usijali, nitakujua. Piga mpaka pale anaponyamaza, kisha unyamaze.

Mimi nitakuwa jikoni.

Ida